Chumba cha Meli kwa Mwenye Usingizi Mwepesi

Mimi ni mtu wa usingizi mwepesi, na sisemi hivi kwa kujisifu. Wapo watu wanaolala fofofo hata nyumba ikibomolewa juu yao. Mie paka akikanyaga jani bustanini nishaamka, nishakaa kitandani, nishaanza kujiuliza ni paka wa nani. Katika nyumba yetu ya Edmonton, kaskazini mwa London, iliyobanwa na nyingine kulia na kushoto, niliijua kila sauti pamoja na mwenyewe. Kulikuwa na mashine ya kufulia ya jirani wa kushoto, ambayo ikifika kwenye kukamua ilitaka kupita ukutani ije kwetu. Kulikuwa na mabomba ya hita yakipoa, na mbweha wa London, ambao mtu asiyewazoea akiwasikia hudhani kuna mtoto anaonewa. Halafu ikaja treni ya kwanza ya alfajiri, na hapo tena hakuna haja ya kujaribu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, riziki yangu nayo ikawekwa kwenye kelele. Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika ofisi ya nyumba za kaunsili, yaani za halmashauri ya mtaa, na dawati langu lilikuwa la malalamiko. Walikuja watu macho mekundu kuniambia kwamba jirani wa juu anavaa viatu vya kisigino ndani ya nyumba, au wa chini ana mbwa anayelia akiachwa peke yake, au ukuta wa kitandani umeshikana na lifti. Nikawapa fomu. Aina ya kelele. Inatoka upande gani. Inaanza saa ngapi, inakwisha saa ngapi. Jaza kwa wiki mbili kisha urudishe. Baada ya miaka kadhaa ya kusoma fomu hizo ningeweza kulitazama jengo kwa nje tu na kukwambia nani ndani yake halali.

Kwa hiyo watoto wetu walipotutangazia kwamba watatupeleka kwenye meli, mtu wa kwanza kufikiria kelele alikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili imeshaanza, Jumapili, na biriani iko mezani. Wanangu ni wawili, msichana na mvulana, wote wazaliwa wa London, wote wanasikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Waligundua, kwa kupiga hesabu zao wenyewe, kwamba mimi na baba yao tumefikisha miaka thelathini ya ndoa. Sisi hatukuwa na habari. Kwetu Unguja mtu huikumbuka siku ya harusi yake pale anapoulizwa mtoto wa kwanza ana umri gani. Lakini hawa wamekulia kwenye nchi ya kadi na keki, na msichana akatoa kitabu cha picha kutoka kwenye mkoba, akakifungua katikati ya sahani.

"You two are going on a cruise," akasema. "Norway. Eight nights."

Mume wangu ni Mpemba, na Mpemba huyu maneno yake huyapima kabla ya kuyatoa. Alikitazama kitabu.

"Kuna nini huko?" akauliza.

"Mountains, Baba. Na maji."

"Na kurudi tunarudi?"

"Of course mnarudi!"

Akaitikia kwa kichwa kwamba vyema. Kijana wetu akageuza ukurasa akatuonyesha chumba chenyewe: kitanda kimoja kikubwa, taa mbili, dirisha la duara. Chumba cha watu wawili, akasema kwa fahari, mimi nichague tu kipi, kwa sababu wao wanamjua mama yao na usingizi wake. Mimi na mume wangu tukatazamana, kisha kila mmoja akarudi kwenye sahani yake.

Sababu ni kwamba mimi na mume wangu tulikuwa na miaka kumi na mmoja hatujalala chumba kimoja.

Hatukuwa tumegombana, na hilo ndilo gumu kulieleza. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilirudi nyumbani na fomu moja ya ziada kwenye mkoba. Mume wangu wakati huo alikuwa ameanza kunenepa kidogo, na kukoroma kwake kulikuwa kumepanda daraja. Kwa utani nikaijaza. Aina ya kelele: msumeno. Inatoka upande gani: kushoto mwa kitanda. Inaanza saa ngapi: dakika mbili baada ya mhusika kusema ana mawazo, hawezi kulala. Je, umezungumza na jirani yako kuhusu jambo hili? Ndiyo, anakanusha. Nikaibandika kwenye friji. Akaisoma akingoja maji ya chai yachemke, akacheka mpaka akashika meza. Jioni ile akachukua mto wake, akasema, "Hebu nikupishe siku mbili tatu, ulale." Akahamia kile chumba kidogo cha mbele, ambacho ukiweka godoro na kufungua mlango ushakimaliza.

Siku mbili tatu zikawa wiki. Kusema kweli nililala, nikashukuru. Wiki zikawa mwezi, na mwezi ulipopita sikujua tena jambo hilo linazungumzwa vipi. Watoto tuliwaambia baba anaingia zamu ya alfajiri kwenye ghala anakofanya kazi, hataki kuniamsha. Ilikuwa kweli. Baadaye zamu ile ilikwisha, akahamishiwa mchana, na sisi tukaendelea na sababu ile ile. Wageni wakija kutoka nyumbani yeye alilala sebuleni, ati anafuatilia mpira. Funika kombe mwanaharamu apite. Ningesema nini? Kwamba nalala peke yangu na simchukii mume wangu? Nani angeniamini? Kina shangazi wangeshafika na ubani kuja kutusuluhisha.

Mchana tulikuwa watu wa kawaida kabisa. Tulikwenda sokoni pamoja, tulitaniana, nilimkera kwa Upemba wake na yeye akanikera kwa umjini wangu. Lakini kila nilipopita mbele ya mlango wa chumba kile nilikuwa na swali, na nilikuwa naliogopa. Nilikuwa nampenda mume wangu. Sikujua kama yeye bado anataka kuwa karibu nami, au ameshazoea na kuona afadhali hivi, na godoro lake na redio yake. Sasa watoto wametununulia siku nane za kujua.

Mtu akiogopa jambo kubwa hushika dogo analoliweza. Mimi nikashika chumba. Nilijiambia kwamba nikipata chumba kisicho na kelele nyingine yoyote duniani, basi kukoroma peke yake nitakuweza.

Nilikisoma kile kitabu wiki nzima. Mwishoni mwake mlikuwa na ramani za meli, sakafu moja baada ya nyingine, vyumba vimepangwa humo vidogo vidogo kama punje za mahindi. Tatizo lake ni kwamba kila sakafu ilikuwa na ukurasa wake, na mimi najua kutokana na kazi yangu kwamba adui wa mwenye kulala hayuko ubavuni. Yuko juu. Nikatoa karatasi ya kuokea mikate, ile inayoonyesha ukiiweka juu ya maandishi, nikachora kila sakafu kwenye kipande chake, kisha nikazipandanisha. Hapo nikaanza kuona mambo. Chumba kizuri chenye dirisha kubwa: juu yake ukumbi wa dansi. Chumba kingine, bei ya kutamanisha: chini ya bwawa la kuogelea, ambako asubuhi mapema viti vinaburuzwa. Kingine kimepakana na ngazi, na kila anayetoka kula atapita hapo akisimulia alichokula. Mume wangu alipita jikoni mara tatu, akanikuta nimeinama na rula. Mara ya tatu akaniwekea kikombe cha chai karibu na kiwiko, akaenda zake.

Jumamosi nikaenda Wembley. Kule kuna bwana mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, ambaye tulikuwa tukinunua tiketi kwake tangu watoto wadogo. Ofisi yake ilikuwa na meza mbili, picha ya Makka ukuta mmoja na ya Taj Mahal ukuta wa pili, ili kila anayeingia ajione yuko kwake.

"Karibu mama, karibu kiti," akasema, mkono ukiwa tayari kwenye kompyuta. "Umra ama Dar?"

"Meli," nikasema.

Akavua miwani. "Meli? Kwani ndege zimekukosea nini?"

Nikamweleza habari ya watoto, nikatandaza karatasi zangu mezani. Alizitazama muda mrefu.

"Mama, hii meli wataka kuipanda ama kuioka?"

"Nataka chumba kimya, bwana. Mie usingizi wangu mwepesi."

Nilidhani atacheka tena, lakini uso wake ulibadilika ukawa wa fundi aliyeletewa kazi anayoijua. Alisema wateja wa meli wakirudi hawajalala, anayekuja kupigiwa kelele ni yeye, si nahodha. Akachukua kalamu nyekundu. Huku mbele usikae, akasema, wakishusha nanga asubuhi utafikiri tumegonga jabali. Huku nyuma kabisa kuna mitambo, kitanda kitatikisika mpaka meno yagongane.

"Na hiki je?" akaniuliza, akiweka kalamu katikati.

"Hicho kina mlango wa ndani unaounganisha na cha pili. Mlango ule hauzuii hata kupiga chafya."

"Umejuaje?"

"Bwana, mie kazi yangu watu walio chini ya watu wengine. Nijibu wewe, hapa palipoachwa peupe, hawakuandika kitu, pana nini?"

"Ah, hapo ndipo pabaya kuliko pote," akasema kwa furaha. "Ramani ikinyamaza, ujue ni njia ya wafanyakazi. Vigari vya vyombo, vigari vya mashuka, usiku na mchana."

Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, na wateja wawili wa Umra wakangoja mpaka wakaanza kuchangia. Mwisho tukakipata. Kilikuwa sakafu ya nne, katikati ya meli, vyumba tu juu yake na vyumba tu chini yake, mbali na lifti na mbali na ngazi. Nikamuuliza majirani wake ni kina nani. Akasema kampuni haitoi habari hizo. Nikamwambia wazee wetu walituusia tuulizie jirani kabla ya kuulizia nyumba, sasa mimi nitalala vipi ubavuni mwa mtu nisiyemjua? Akanihakikishia kwamba safari ile wanakwenda wazee watupu, ikifika saa tatu usiku wote wameshavua meno.

"Basi kwisha," akasema, akahesabu kwa vidole. "Juu kimya, chini kimya, kushoto kimya, kulia kimya. Na ndani je?"

"Ndani vipi?"

"Ndani ya chumba. Walala na nani?"

"Na mume wangu."

"Akoroma?"

Mimi ambaye nimewauliza wanadamu wote wa mtaa maswali ya aina hiyo nikaanza kukunja karatasi zangu. Uso ulinipata moto. Wale wateja wa Umra, Mungu awajaze heri, waligeuka wakaanza kuitazama Taj Mahal. Bwana yule akapunguza sauti.

"Mama, usione haya. Watu wanakuja hapa wakilaumu lifti, wakilaumu injini. Nikiwauliza sana, ni bwana. Ama ni bibi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akageukia kompyuta, akabonyeza, akanitolea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa kile chumba chetu kimoja chenye dirisha. Ya pili ilikuwa vyumba viwili vidogo vya ndani, havina dirisha, vimeelekeana mlango kwa mlango. Kwa pesa ile ile ya watoto naweza kupata hiki au hivyo, akasema, na atanishikia vyote mpaka Jumamosi ijayo. Wazungu wengi wanafanya hivyo na ndoa zao hazijafa.

Nilirudi Edmonton na karatasi mbili kwenye mkoba, na njia nzima sikuona kituo hata kimoja. Vile viwili vilikuwa usingizi wa hakika. Ningelala siku nane mfululizo, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Lakini nikivichagua nitakuwa nimemwambia kwa maandishi kwamba simtaki karibu. Na nikichagua kimoja, je, ikiwa yeye ndiye hataki? Nikaamua kumwekea zote mbili mbele yake, nifunge mdomo, nimtazame uso. Ilikuwa hila, najua. Nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hana adabu.

Nilikaa nazo mpaka Ijumaa. Nilichukua likizo ya nusu siku, yeye akarudi kutoka msikitini, nikamtilia chai, nikaziweka mezani pamoja. Alizisoma. Akazisoma tena. Uso wa Mpemba huyu, ukiutazama kutafuta habari, bora utazame ukuta. Alimaliza chai yake, akasimama, akaosha kikombe, akakifuta, akakitundika mahali pake.

"Hivi viwili umevitaka wewe?" akauliza, bado kanipa mgongo.

"Kanipa yule bwana wa Wembley."

"Sikuuliza kakupa nani. Nauliza umevitaka."

"Kwani wewe unataka kipi?"

"Mie nataka unachotaka wewe."

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, lakini hapo hasira zikanipanda kuanzia miguuni. "Miaka kumi na mmoja unataka ninachotaka mie! Nani alikwambia nataka ukalale kule mbele? Lini nilitamka?"

"Uliandika ukabandika kwenye friji."

"Ulikuwa utani ule!"

"Najua," akasema. "Si nlicheka? Nkakwambia siku mbili tatu, nkenda siku mbili tatu. Siku ya nne nlikuwa nangoja uniite."

Nje lilikuwa linapita basi, na ninakumbuka kwamba vijiko vilitetemeka kwenye sahani.

"Lazima uitwe?" nikasema mwisho. "Chumba si chako?"

Akageuka. "Mtu ukishamwondokea chumbani kwa kuwa humpi raha, unarudi vipi bila ya kuitwa? Nbishe hodi nseme nini? Nmerudi kukuudhi?"

Na mimi nilikuwa kwenye upande wangu wa ukuta miaka yote ile, nikimngoja arudi mwenyewe. Kumwita sikuweza. Nilivyolelewa mimi, mwanamke hamwiti mume chumbani. Bibi yangu angefufuka kuja kunifinya. Nilidhani akinitaka atakuja, na kwa kuwa haji, hanitaki. Yeye alidhani nikimtaka nitaita, na kwa kuwa siiti, simtaki. Wawili tulikuwa na adabu zetu kamili, kila mmoja kama alivyofunzwa na mama yake, na adabu zile zimetuweka mbali kuliko ambavyo ugomvi ungeweza. Watu wanaogombana angalau hupatanishwa.

Nililia. Sikulia kwa uzuri, nililia kwa kamasi, nimeshika kitambaa cha vyombo. Yeye alikuja akakaa kiti cha pili, akanishika mkono juu ya zile karatasi, na baada ya muda nikasikia kiti chake kinatikisika, nikajua anacheka. Nikaanza na mimi. Miaka kumi na mmoja! Tungekuwa tumefungwa tungeshatoka zamani.

Alipotulia akaivuta ile karatasi ya kuokea, akaigeuza huku na huku kama mtu anayejua kusoma ramani, akaweka kidole.

"Tuchukue hiki," akasema.

Nikatazama. "Hicho kiko chini ya jiko la meli! Masufuria yataanguka usiku kucha."

"Ndio uzuri wake. Nkikoroma utakuwa na mwengine wa kumlaumu."

Nilimpiga na kitambaa. Kisha nikainua simu nikapiga Wembley. Bwana yule alipoitika nikamwambia kimoja, chenye dirisha, sakafu ya nne katikati. Akasema, "Hongera, mama," kana kwamba nimeposwa.

Tuliondokea bandari ya Tilbury mwezi wa sita. Nilipoingia chumbani jambo la kwanza nilibandika sikio kwenye ukuta wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nikavua viatu nikapanda juu ya kiti nikasikiliza dari. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake, akinitazama. Hapakuwa na kitu. Wala lifti, wala maji, wala mtu. Sijawahi kuona kazi yangu mwenyewe ikifanikiwa namna ile, na nilijipongeza kwa sauti.

Usiku ukaingia, akasema ana mawazo, hatalala. Baada ya dakika mbili alikuwa keshachukuliwa na usingizi.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba ghafla nilisikia muziki. Ulikuwa msumeno ule ule, na kwa miaka kumi na mmoja ulikuwa umepata kutu, sasa ulikwama katikati ya ubao, ukakaa kimya mpaka mtu akaogopa, kisha ukaendelea. Kwa kuwa nilikuwa nimeondoa kelele nyingine zote, ulisikika vizuri sana, kila jino lake. Nilimwambia geuka, akageuka, ukaanza upande wa pili. Na ukimya wenyewe ulipopatikana, nikaanza kuzama, yeye akazinduka kwa huruma, akanigusa bega.

"Umelala?"

"Nilikuwa nalala!"

"Aa. Nlitaka nijue tu."

Alifanya hivyo mara nne usiku ule. Asubuhi alikuwa na wasiwasi wa kweli, akaniuliza kama nataka aende kumwona mhudumu wa meli, huenda wana chumba kingine. Nikamwambia akithubutu nitamtosa baharini.

Milima ya Norway kwa hiyo siwezi kuisimulia sana. Kila baada ya kifungua kinywa tulipanda juu, tukakaa kwenye vile viti vya kulaza miguu, tukafunikwa mablanketi ya bure. Bendi ilikuwa inapiga hatua kumi kutoka tulipo. Kipaza sauti kilikuwa kinatangaza maporomoko ya maji upande wa kushoto. Vikombe viligongana, watu walishangilia. Na mimi, ambaye naamshwa na paka akikanyaga jani, nililala. Nililala kwenye bega la mume wangu asubuhi saba mfululizo, na bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa kiti cha jirani alitupiga picha akatuletea: wawili midomo wazi, nyuma yetu mlima wenye theluji ambao hakuna kati yetu aliyeuona. Msichana wetu alipoiona ile picha aliuliza kama tulikuwa wagonjwa.

Tulirudi Edmonton siku ya Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Barua zilikuwa zimejaa nyuma ya mlango. Mume wangu akabeba sanduku letu moja, akaanza kupanda ngazi, na mimi nikabaki chini kuokota barua. Hapo ndipo nilipotambua, nikiwa nimeinama na bili ya gesi mkononi, kwamba safari ilikuwa haijatuamulia kitu. Kwenye meli kulikuwa na mlango mmoja. Juu ya ngazi zetu kulikuwa na miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na godoro lake liko kule kule alipoliacha.

Nikasikiliza, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Mbele ya chumba changu kuna ubao wa sakafu unaolia ukikanyagwa. Mbele ya chumba chake hakuna. Nilizisikia nyayo zake zikifika juu. Nikasikia sanduku likiwekwa chini. Kisha sikusikia kitu. Hakwenda kulia, hakwenda kushoto. Alikuwa amesimama pale pale na koti lake, ananingoja.

Bibi yangu anisamehe. Nilipaza sauti, na kuta zile zilivyo nyembamba, najua jirani wa kushoto na wa kulia wote walinisikia.

"Baba! Ingia chumbani! Droo ya chini ni yako, ila redio ibaki huko huko!"

Akakaa kidogo, kama anayehakikisha amesikia sawasawa. Kisha ubao ukalia.